Mwenye Nyumba Aliyenishtaki

Karibu maisha yangu yote ya ualimu nimeishi nyumba za kupanga, na wenye nyumba nimewaona wa kila namna. Nimempata aliyekuwa akikata umeme ili kunikumbusha kodi, na nimempata aliyesahau kabisa kwamba ana wapangaji mpaka siku upepo ulipoezua paa. Lakini mtu aliyenionyesha kwamba watu wawili wanaweza kugombana bila kuharibiana ni mmoja tu, naye ni mwanamke wa Lushoto aliyenishtaki kwenye baraza la kata.

Nilihamishiwa Lushoto nikitokea Tanga mjini. Mume wangu alibaki Tanga kwa sababu ya kazi yake, akawa anapanda kuja kutuona mwisho wa mwezi. Mimi nilikuja na binti yetu, ambaye wakati huo nilikuwa bado nambeba mgongoni. Nyumba niliyoipata ilikuwa juu ya mji, pale barabara ya gari inapokoma na njia ya miguu inapoanza kupanda katikati ya mikaratusi. Ilikuwa nyumba nzuri ya matofali ya kuchoma, vyumba viwili na sebule. Mwenye nyumba mwenyewe aliishi uani, katika kibanda cha udongo alichokuwa akikaa na mumewe zamani, kabla hawajaanza kujenga ile kubwa. Mume alifariki ukuta ukiwa umefika kwenye linta, juu ya milango. Mjane akaimalizia kwa kabichi na karoti alizolima mwenyewe kule bondeni, mwaka huu bati, mwaka ule lipu, mwaka mwingine vioo vya madirisha.

Alikuwa mwanamke mfupi, mwembamba, ambaye sikumbuki kumwona bila sweta na khanga juu yake, hata siku za jua. Kiswahili chake kilikuwa kizuri lakini cha maneno machache. Ukimwuliza jambo, alinyamaza kwanza, na mgeni angedhani hajasikia. Kumbe alikuwa analipima jibu lake. Tulipatana kodi tukiwa tumesimama uani, kwa mdomo tu, na kwa miaka kadhaa hakuna aliyeona haja ya karatasi. Nilimwita mama. Yeye aliniita mwalimu. Asubuhi nilipokwenda shule alibaki na binti yangu, na jioni nilimkuta mtoto ameshiba, anazungumza Kishambaa kuliko Kiswahili.

Nyuma ya nyumba kulikuwa na kipande cha mteremko kilichokaa wazi. Mvua ilipokuwa kubwa, udongo wake mwekundu ulitiririka mpaka kwenye njia ya watu. Nilipokuwa nimekaa miezi michache, nilimwomba ruhusa.

"Mama, naweza kupanda kidogo huko nyuma?"

Akanyamaza kama kawaida yake, kisha akasema, "Panda, mwalimu. Ardhi haipendi kukaa bure."

Nikapanda. Nilianza na maharage na mchicha. Kisha shule yetu ikapata miche ya miti ya matunda, na iliyobaki baada ya wanafunzi kupanda tukagawana walimu. Nilichukua ya miparachichi na mipeasi, nikachimba mashimo, nikatia samadi, nikaipanda kwa mistari kukingama na mteremko ili izuie udongo. Wakati huo mwenye nyumba alikuwa Korogwe kwa binti yake aliyejifungua. Aliporudi aliiona, wala hakusema neno. Baadaye sana aliniambia kwamba alijisemea moyoni, huyu ni mtu wa pwani, hajui, na miche mingi hufa kwa baridi ya mwaka wa kwanza. Hakutaka kuniaibisha kwa kitu ambacho baridi ingekimaliza yenyewe.

Baridi haikuimaliza. Miti ilishika, ikapita kiuno changu, ikapita kichwa changu. Mparachichi mmoja ulianza kutoa maua. Nilijivunia miti ile kupita kiasi. Mume wangu akija ilikuwa lazima nimpeleke nyuma kuitazama kabla hajavua viatu.

Jumamosi moja ya ukungu akaja shemeji yake mwenye nyumba, mdogo wa marehemu mumewe. Nilikuwa nimewahi kumwona mara moja mbili msibani na sokoni. Alikuwa mfanyabiashara wa mboga, anapakia malori yanayoshuka Mombo kwenda Dar, mtu anayeheshimika, na mkubwa wa ukoo tangu kaka yake alipofariki. Alinipita nikifua nguo, nikampa shikamoo, akaitikia vizuri. Kisha wakazunguka nyuma na shemeji yake, nikasikia sauti ya mwanamume ikipanda.

Walizungumza Kishambaa. Mimi ni Mbondei. Nimezaliwa na kukulia Tanga mjini, lakini bibi yangu mzaa mama alikuwa haongei nasi isipokuwa Kibondei, na Kibondei na Kishambaa ni ndugu wa tumbo moja. Nilishika kama nusu. Nilisikia habari ya miti. Nilisikia kwamba mpangaji akishapanda mti, kesho atasema pale ni kwake. Na nilisikia neno moja ambalo sikulipa uzito siku ile, kwamba kama mwanamke ameshindwa kulinda ardhi ya wenyewe, basi wenyewe wapo, watailinda.

Kesho yake mwenye nyumba alikuja kunigongea mlango. Hakukaa.

"Mwalimu, ile miti nataka uing'oe."

Nilidhani sikusikia sawasawa. Nikamkumbusha kwamba aliniruhusu kupanda.

"Nilikuruhusu kupanda."

"Na ndivyo nilivyofanya, mama. Nimepanda."

Akanitazama kwa huruma, na ile huruma ikanichoma kuliko maneno yake. "Hapa kwetu," akasema, "mtu akimwambia mpangaji panda, anamwambia maharage."

Nilikataa. Nilisema miti nimeihudumia kwa miaka, nimeibebea maji wakati wa kiangazi, na siwezi kuing'oa kwa sababu mtu mmoja amepita akakasirika. Akasema basi nihame mwisho wa mwezi. Nikamjibu kwamba kodi nimekwisha kulipa mpaka mwisho wa mwaka na tuko katikati ya muhula, sihami. Tuliachana pale mlangoni hakuna aliyepandisha sauti, lakini jioni ile nilishindwa kumsuka binti yangu nywele.

Shuleni nilimweleza mwalimu mwenzangu, Mshambaa wa huko huko. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanieleza jambo ambalo kila mtu pale alilijua isipokuwa mimi. Huku milimani, aliniambia, ardhi ni ndogo na watu ni wengi. Anayekodi shamba hupanda cha msimu, akavuna, akaondoka. Mti ni kitu kingine. Mti hukaa kuliko aliyeupanda, na tangu zamani wazee wakikaa kuamua ugomvi wa ardhi, swali lao la kwanza lilikuwa nani amepanda miti iliyopo. "Wewe umepanda bustani," akasema. "Yeye anaona umesimika mpaka."

Ningeweza kurudi nyumbani jioni ile nikamwambia mwenye nyumba kwamba sasa nimeelewa. Sikumwambia. Nilikuwa bado na hasira, na pia nilikuwa na hofu, maana sikujua ningempeleka wapi mtoto katikati ya baridi ile. Wiki iliyofuata mgambo wa kata akaniletea wito. Mlalamikaji ni mwenye nyumba. Mlalamikiwa ni mimi.

Hapo ndipo inapoanza sehemu ninayoisimulia kila mara ninaposikia watu wakisema kwamba ukishafikishana na mtu barazani, udugu umekwisha.

Ilikuwa Ramadhani. Yeye alikuwa Mwislamu, mimi ni Mkristo, na tangu nilipohamia alikuwa hafuturu bila kunitengea changu. Mwaka ule nilijua sitapata. Magharibi ya siku ile ile ya wito, nikiwa jikoni, nikasikia mlango unagongwa. Alikuwa amesimama na bakuli la uji na sahani ya magimbi imefunikwa kawa.

Nilishindwa kunyoosha mkono. "Mama," nikamwambia, "si tumeshtakiana?"

"Tumeshtakiana barazani," akasema. "Hapa ni nyumbani. Pokea, uji unapoa."

Nikapokea. Na asubuhi yake, nilipokuwa najiuliza nitamwacha wapi binti yangu, nilimkuta mtoto amekwisha kutoka mwenyewe, amekaa mlangoni kwa mwenye nyumba, anamenya karanga. Hakuna kilichobadilika. Aliendelea kumlea, na aliendelea kunikatia mshunga, ile mboga chungu niliyokuwa nimejifunza kuipenda, kila alipotoka bondeni. Lakini nilipojaribu siku moja kuingiza habari ya miti huku tunaanika nguo, alinikatiza kwa upole. Akasema mambo yale yana mahali pake na siku yake imepangwa, tukiyatawanya uani yatatuingia kwenye chakula.

Nilianza kumtazama kwa jicho lingine. Mimi nilikuwa mtu wa kununa. Nikigombana na mtu, humpita njiani kana kwamba ni mti. Yeye alikuwa amenishtaki na bado aliniuliza kama nimelala vizuri, na nilijua hakuwa akiigiza, kwa kuwa hakuwa mtu wa kuigiza. Alikuwa ametenganisha vitu viwili ambavyo mimi sikuwahi kujua vinatenganishika.

Siku ya baraza mvua ilinyesha tangu alfajiri. Nilikuwa bado nafunga kilemba aliponigongea, amevaa gauni lake la Idi na viatu vya mpira.

"Uko tayari? Tukichelewa wote wawili watadhani tumeuana."

Tulikuwa na mwavuli mmoja, wangu. Tukashuka nao, mlalamikaji na mlalamikiwa, yeye ameushika mkono wangu kwenye utelezi na mimi nimeushika mwavuli. Watu waliotupita walitusalimia kwa Kishambaa, onga mahundo, nasi tukaitikia. Shemeji yake alikuwa amekwisha kufika, amesimama chini ya upenu wa ofisi ya kata. Alipotuona tunakuja vile, uso wake ulikunjamana, akageuka akaingia ndani.

Chumba kilikuwa cha kawaida, meza moja na mabenchi, na wajumbe wa baraza wamejifunika makoti. Wanawake walikuwamo. Mwenyekiti alikuwa mzee mstaafu mwenye sauti ndogo iliyotulazimisha wote kunyamaza ili tumsikie. Alianza kwa kutueleza kazi yao. Alisema baraza lile siku hizi halimhukumu mtu. Kazi yake ni kusuluhisha. Tukipatana, makubaliano yetu yataandikwa, tutayatia saini, na yatatufunga. Tukishindwa, tutapewa barua ya kwenda baraza la ardhi na nyumba la wilaya, na huko, alisema, kesi huzeeka na wenye kesi nao huzeeka.

Shemeji aliomba kuanza, kwa niaba ya mjane. Alizungumza vizuri na kwa muda mrefu. Alieleza jinsi baba yao alivyolisafisha eneo lile, jinsi kaka yake alivyojenga, jinsi wageni wanavyoingia milimani kwa mlango wa kupanga na kutokea kwa mlango wa kumiliki. Kila alipoitaja ardhi aliiita ardhi ya kaka yangu, au ardhi ya ukoo. Mwenye nyumba alikuwa amekaa mbele yangu, ameinamisha kichwa, anakunja na kukunjua pindo la khanga.

Ilipofika zamu yangu nilieleza nilivyoomba ruhusa na nilivyojibiwa. Shemeji akauliza, bila ukali, "Nani alisikia?"

Hakuna aliyesikia. Tulikuwa wawili tu uani, na mtoto mgongoni. Mwenyekiti akamgeukia mwenye nyumba. Nilijua kwamba kesi yangu yote imebaki mdomoni mwake. Angesema sikumbuki, basi. Angesema nilimwambia maharage tu, nani angembishia?

Akanyamaza kwa muda wake. Kisha akainua kichwa.

"Ni kweli," akasema. "Aliniomba, nikamwambia panda. Sikumwambia apande nini. Kosa la mti ni lake, na kosa la neno ni langu."

Shemeji alimtazama kama mtu aliyesukumwa kutoka nyuma. Mmoja wa wajumbe, mama mmoja mzee, alitikisa kichwa taratibu, na sikuweza kujua anasikitika au anasifu. Mimi machozi yalinilenga. Nilikuwa nimejiandaa kupambana na mtu, na yule mtu alikuwa amekwisha kusema ukweli ambao haukumfaa.

Mwenyekiti akasema kwamba kwa maelezo hayo haoni mwizi chumbani, anaona neno moja lililosikiwa na masikio mawili. Akatuuliza kila mmoja anataka nini. Nilisema sitaki ardhi wala sijawahi kuitaka. Ninachotaka ni kuishi kwa amani mpaka nihamishwe, na miti isikatwe kwa hasira. Nikasema niko tayari kuandika kwamba miti si yangu. Hapo ndipo nilipomwambia mwenye nyumba pia, mbele ya wote, kile nilichokuwa nimeshindwa kumwambia nyumbani, kwamba sikujua maana ya mti katika nchi yao, na kwamba namwomba radhi kwa hofu niliyomtia.

Aliomba kutoka nje kidogo. Tulimwona kupitia dirishani, amesimama chini ya upenu, anatazama mvua. Aliporudi hakukaa. Aliuliza, "Mwalimu akiandika miti si yake, mtaandika ni ya nani?"

"Ya mwenye nyumba," akasema katibu wa baraza, kalamu mkononi.

"Na ardhi miti iliposimama?"

"Ya mwenye nyumba vile vile."

"Basi andikeni na mwenye nyumba ni nani."

Katibu akainua kalamu, akamtazama mwenyekiti. Mwenyekiti akamtazama shemeji. Nje mvua ilikuwa imepungua na tuliweza kusikia watu wakipita njiani. Ndipo lile neno nililolisikia siku ya ukungu liliponirudia, kwamba wenyewe wapo, na nikaelewa alikuwa akiishi na nini tangu mumewe alipofariki. Alikuwa na nyumba aliyoimalizia kwa mikono yake, na hakuna mahali popote palipoandikwa kwamba ni yake.

Akamgeukia shemeji yake. Sauti yake haikuwa na ukali hata kidogo.

"Shemeji, wewe ndiye uliyeniambia nisikae kimya mtu asije akanichukulia ardhi yangu. Nimekusikiliza, nimekuja. Nakushukuru. Sasa naomba uwe shahidi wangu. Waandike kwamba ardhi hii na nyumba hii ni yangu mimi, mjane wa kaka yako, na watoto niliozaa naye, na wewe mkubwa wa ukoo umeshuhudia. Mpangaji yeyote akija baada ya huyu, akipanda hata msitu, atasomewa hiyo karatasi."

Alikuwa amempa heshima ambayo asingeweza kuikataa. Kama angesema hapana, angetakiwa aeleze mbele ya baraza alikuwa amekuja kumtetea nani. Nilimwona anatazama mikono yake. Sitaki kumfanya mtu mbaya, kwa sababu hakuwa mbaya. Nadhani alikuwa ameamini kwa miaka mingi kwamba analinda kitu cha kaka yake, na siku ile kwa mara ya kwanza alimwona mtu ambaye kaka yake alimwachia kitu hicho. Hatimaye akasema, "Kaka angetaka hivyo," akanyoosha mkono kuomba kalamu. Katibu ikabidi amwambie asubiri, maana hakuna kilichokuwa kimeandikwa bado.

Makubaliano yetu yalijaa ukurasa mmoja na kidogo. Nilikiri kwamba miti yote na ardhi yote nyuma ya nyumba ni mali ya mwenye nyumba na kwamba sitadai chochote kwa kuipanda. Yeye alikubali kwamba miti isikatwe, na kwamba kwa muda wote nitakaokaa matunda tutagawana. Nitakaa mpaka nihamishwe au mpaka mmoja wetu atoe notisi ya muhula mzima wa shule. Tangu siku ile, nikitaka kupanda kitu kinachoishi zaidi ya msimu mmoja, nitaomba kwa kukitaja jina. Sharti hilo la mwisho ni mwenye nyumba aliyelitunga, na wajumbe walicheka, naye akacheka. Katibu alisoma yote kwa sauti. Akaombwa na mwenye nyumba arudie sehemu inayosema nyumba ni ya nani. Akarudia. Kisha sote tukatia saini, na shemeji akatia yake chini ya yetu, kwa mwandiko mzuri wa mtu aliyesoma shule za zamani.

Tulipanda kurudi nyumbani jua likiwa limetoka na mvuke unapanda kutoka kwenye mapaa ya mji. Sikuweza kujizuia. Nilimwuliza kama alikuwa amepanga tangu mwanzo, kama kunishtaki ilikuwa njia tu ya kumfikisha shemeji yake pale.

Alisimama kupumua. "Hapana, mwalimu. Miti ilinitia hofu kweli, na nilikuja nikitaka uing'oe. Lakini uliposema utaandika si yako, niliwaza, kumbe siku ya kuandika imefika. Sikutaka ipite."

"Na kama nisingesema?"

"Ningerudi na kesi yangu, na jioni ningepika futari." Kisha akaongeza kwamba mambo ya shemeji yalikuwa yamemkalia moyoni kwa miaka, lakini asingeweza kwenda kumshtaki mkubwa wa ukoo kwa maneno ambayo alikuwa hajayasema waziwazi. Angeonekana yeye ndiye mchokozi, na wanawe wangebebeshwa ugomvi na baba yao mdogo. Kwa jinsi ilivyokwenda, hakuna aliyetoka pale ameaibika. Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi tangu siku ile. Watu wengi wanajua kushinda. Yeye alipata haki yake na akahakikisha kila aliyekuwamo chumbani anaondoka na kitu chake, shemeji na heshima yake, mimi na nyumba yangu ya kukaa.

Idi ile shemeji alikuja kula uani, na mkewe na watoto. Alizunguka nyuma akaitazama miti, akaniambia nimeipanda karibu mno, mipeasi inataka nafasi. Alisema kweli. Msimu uliofuata tuliipunguza, tukiwa watatu, yeye ndiye aliyeonyesha upi ung'olewe.

Nilikaa pale miaka mingine mitatu kabla sijahamishiwa Korogwe. Siwezi kusema kwamba ile karatasi ilimaliza kila kitu. Haikuwa hati miliki, na mwenye nyumba alilijua hilo vizuri kuliko mimi. Aliichukua kama mwanzo. Kwa kuwa shemeji alikuwa amekwisha kushuhudia, haikuwa vigumu kumwomba asimame naye kwenye kikao cha ukoo, na baada ya hapo kwa watu wa ardhi walipokuja kupima maeneo ya mtaa ule. Nilikuwapo siku walipopima. Alitembea mbele yao akiwaonyesha mipaka yake, haraka, sweta limefungwa kiunoni, na kwa mara ya kwanza nilimsikia akizungumza bila kunyamaza kwanza.

Mwaka jana nilipanda Lushoto kwa shughuli za mitihani, nikapita nyumbani kwake kumsalimia. Mpangaji mpya, kijana wa benki, aliniambia mama yuko kata. Nikaingiwa na wasiwasi, nikashuka haraka, nikidhani ameingia tena kwenye ugomvi. Nilimkuta kwenye kile kile chumba, lakini upande wa pili wa meza. Walikuwa wamemchagua kuwa mjumbe wa baraza. Mbele yao walikuwa wamekaa mzee mwenye fremu ya duka sokoni na fundi cherehani aliyempangisha, kila mmoja amempa mwenzake mgongo. Nilikaa benchi la nyuma. Walikuwa wanabishana juu ya mlango ambao fundi aliuweka bila kuuliza, na sauti zilikuwa zimekwisha kupanda.

Alingoja mpaka wote wawili wakaishiwa maneno. Kisha akamwuliza mwenye fremu, kwa ile sauti yake ya taratibu, kama tangu ugomvi uanze amewahi kumsalimia mpangaji wake. Yule mzee akakiri kwamba hajamsalimia. Akamwuliza fundi swali hilo hilo, naye akakiri vile vile.

"Basi nendeni nje mkasalimiane kwanza," akasema. "Mlango upo, hautakimbia."

Wakatoka. Aliponiona nyuma pale alitabasamu, nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, akaniuliza habari za binti yangu, anasoma darasa la ngapi sasa. Nikamwambia. Wajumbe wenzake walitungoja tumalize.